Nyuma ya Daftari la Madeni

Daftari langu la madeni ni kaunta buku ya kwaya mbili,
mgongo nimeupiga selotepu.
Ukurasa wa kwanza: Baba Siwema, unga kilo mbili.
Wa pili: Baba Siwema, tena, na kiberiti.
Nusu ya Tabata Kimanga imo humo,
imekaa mstari kwa mstari, imenyamaza,
na kila usiku kabla ya kulala nilikuwa naihesabu
kama mtu anayebonyeza kidonda
ajue kama bado kinauma.
Kilikuwa bado kinauma.

Mvua za masika zilipoanza nikaenda kupima presha.
Nesi, binti mdogo, Tumsifu,
mwenye sauti ya mtu aliyeshiba usingizi,
akaangalia mashine, akaniangalia,
akapima tena.
"Mama Aikande, unalala?"
Nikasema, nafumba macho.
Hakucheka. Alinipa vidonge,
akasema nitembee, nipunguze chumvi,
halafu akaongeza jambo nikadhani ananitania:
kila siku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri.
Matatu! Mwanangu, nikamwambia, kwa Dar hii
nikipata moja nitakuletea keki.

Sikununua daftari jipya. Hela ya nini?
Nililigeuza lile lile, miguu juu kichwa chini,
nikaanzia nyuma.

Siku ya kwanza niliandika: Umeme haujakatika.
Nikakaa. Nikatafuna peni.
Nikaandika tena: Umeme haujakatika,
maana friji nalo lilistahili mstari wake.
La tatu sikulipata. Nikazima taa.

Wiki ya pili mkono ukaanza kujua njia.
Kitumbua cha Mama Nasra, kile cha kujaribia mafuta,
kimepinda, kanipa bure.
Harufu ya vumbi likilowa,
dakika moja kabla watu hawajaanza kuyalaani matope.
Mjukuu wa Kidawa kalipia pipi kwa sarafu mbili za hamsini,
alizibana njia nzima
mpaka zikanifikia na joto la kiganja chake.

Alfajiri natembea hadi kona ya Segerea, narudi.
Vijana wa bodaboda: Mama, wapi leo?
Popote. Naenda kurudi.
Sasa wameacha kuuliza, wananihesabia mizunguko.

Sisemi dunia iligeuka.
Sukari ilipanda. Mtaro ulifurika, maji yakaingia stoo,
mifuko minne ya ngano ikawa uji.
Usiku ule niliandika neno moja: Hakuna.
Nikalipigia mstari, peni ikatoboa karatasi.
Kesho yake nililikuta pale pale, sikulifuta.
Chini yake nikaongeza:
Ndelilio alikuja na ndoo, hakuitwa na mtu.

Ndelilio fundi redio. Huyo ukimtafuta mbele
yupo ukurasa wa kumi na nne,
elfu kumi na moja na mia nne, tangu Pasaka.
Ukimtafuta nyuma yupo mara sita:
ndoo, bawaba ya mlango, salamu ya saa kumi na mbili
aliyoitoa kila asubuhi ule mwaka nilipofiwa,
hata siku ambazo sikuitikia.
Nilijaribu kutoa hesabu, hiki kwa kile,
nikashindwa. Nilifeli hesabu tangu shule.

Jana kurasa zilikutana.
Madeni yakija kutoka huku, yale mengine kutoka kule,
katikati imebaki karatasi moja tu.
Na nani asimame kaunta? Ndelilio.
Anataka mkate. "Andika, mama."

Nikaandika mkate. Biashara ni biashara.
Alipofika mlangoni akageuka:
"Lakini siku hizi uso wako umepumzika."
Akaondoka zake, mkate kwapani.

Nikaigeuza karatasi, nikaliandika na hilo.
Karatasi za siku hizi nyembamba:
ukiinyanyua kwenye taa
deni lake linasomeka kinyumenyume
katikati ya maneno yake,
na mimi, kwa miwani hii,
sijui naanza kusoma upande upi.